Kiwanja cha Kuanikia Mahindi

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu mzuri katika habari hii. Nasema mapema, ili mtu asije akafika mwisho akadhani nilimficha. Jina langu ni Celestine. Nina duka la unga na sukari pale Masimba, hatua chache kutoka steji, na wateja wangu watakwambia mdomo wangu hauna komeo. Ni kweli. Nimeusikia ukisema mambo mengi ya kipuuzi na sijawahi kuujutia, isipokuwa siku moja.

Ninayetaka kuwaambia habari zake ni Damaris Nyakerario. Yeye ameolewa na Manasseh, mimi nimeolewa na Ombui, mdogo wake Manasseh. Kwa hivyo sisi ni wake wa boma moja, huko Gesima, ingawa mimi nalala Masimba kwa sababu ya duka na huenda nyumbani Jumapili nikitoka misa. Wao wote ni Waadventista. Mimi nilikuja Mkatoliki na nitazikwa Mkatoliki, na mama mkwe wetu hajanisamehe hadi leo. Sisi sote tunamwita Magokoro, kama wajukuu wanavyomwita bibi yao.

Kwetu Gesima ni mlima mtupu. Shamba linaanza juu barabarani linateremka hadi mtoni, na ukiangusha viazi mlangoni kwa Magokoro, utaenda kuviokota kwa jirani. Chai iko kila mahali, chini ya chai ni migomba, chini ya migomba ni nyasi za ng'ombe. Mzee alipokufa, shamba liligawanywa kwa vijana watatu: Manasseh, Obwocha na Ombui wangu. Mahali ambapo mtu angesimama miguu yote miwili ikiwa sawa hapakuwepo.

Basi Damaris alipatengeneza. Alichukua jembe akaanza kuchimba ukingo ulio nyuma ya nyumba yake, udongo anaubeba kwa karai anaumwaga upande wa chini, na chini ameweka magogo ya mikaratusi ili usiporomoke. Karai tano leo, karai mbili kesho, siku nyingine hakuna kwa sababu mtoto ana homa. Ilimchukua mwaka mzima na miezi. Manasseh alipomuuliza ni nini, alijibu ni kiwanja cha kuanikia mahindi. Manasseh akafurahi sana, akawaambia watu kanisani mke wake ni mchapa kazi. Kilipokwisha alikipaka kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na udongo, kikawa laini kama sakafu ya mtu safi. Kilikuwa hatua kumi na mbili kwa nane. Najua kwa sababu nilikipima mwenyewe, kwa wivu.

Niliamini ni cha mahindi. Kwa nini nisiamini? Kisha Alhamisi moja nikamwachia binti yangu Kemunto duka, nikapanda Gesima kupeleka unga wa Magokoro. Ilikuwa saa kumi alasiri. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikamkuta Damaris katikati ya kiwanja, peku, leso imefungwa kiunoni, anatetemeka. Mabega yanakwenda, kichwa kimelegea, mguu mmoja umepinda, macho yamefungwa. Nikajua ni kifafa. Niliacha unga ukaanguka, nikakimbilia jikoni kutafuta kijiko nimtie kati ya meno, nikarudi nikamshika kiuno nikijaribu kumlaza chini, naye anapiga kelele, "Mama Kemunto, niache, niko mzima!" Tuliangukiana hapo. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nimekaa chini na kijiko changu cha supu kama mjinga.

Alikuwa anacheza. Ndiyo, kucheza ngoma. Peke yake, bila muziki, mwanamke wa miaka thelathini na minane mwenye watoto wanne.

Siku hiyo ndiyo alinieleza. Alisoma sekondari upande wa Sironga, na kidato cha tatu mwalimu mmoja aliwafundisha ngoma ya ubunifu kwa ajili ya mashindano ya drama. Ngoma yenyewe ilikuwa ya mlima unaoporomoka. Wasichana kumi na sita walikuwa mlima, na Damaris alikuwa mti ulio juu. Mlima unaanza kutetemeka kidogo kidogo, mawe yanatoka, udongo unateleza, na mti unasimama, unasimama, mpaka mwisho kabisa nao unaanguka. Walifika mashindano ya taifa wakawa wa pili. Cheti chake amekiweka chini ya godoro, ndani ya bahasha ya kadi ya kliniki ya Ian, kifungua mimba wake, kwa sababu hakuna mwanamume atakayefungua bahasha ya kliniki.

"Na hii ndiyo unafanya hapa?" nikamuuliza.

"Ile na nyingine. Nyingine natunga."

"Unamtungia nani?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu. "Mama Kemunto, mwili huu kutoka asubuhi ni wa watu. Ni wa ng'ombe, ni wa chai, ni wa Magokoro, usiku ni wa Manasseh. Hapa huwa nauazima kidogo kabla sijaurudisha."

Nilimcheka. Nilimwambia aombe Mungu asionekane, maana huku mtu akisema ameona mwanamke anajitikisa peke yake uani, hatasema ni drama, atasema ni pepo. Alijua. Mwaka wa kwanza wa ndoa yake alikuwa akicheza jikoni, redio imewashwa, Ian mgongoni, Magokoro akatokea mlangoni. Siku hiyo jioni watu wa kanisa walimwombea saa mbili nzima wakimzunguka. Redio ilihamia kwa Magokoro na mpaka leo inasoma taarifa ya habari na mahubiri tu. Ndani ya nyumba yake mwenyewe hapakuwa na nafasi hata ya kujinyoosha. Manasseh aliijaza sebule seti ya viti vya watu saba, meza ya kioo, na kabati la vyombo ambavyo havijawahi kuonja chakula. Ukitaka kwenda chumbani unapita ubavu.

Na kazi zake? Saa kumi na moja kasoro yuko juu. Anakamua, anawasha moto, anawaandaa watoto, anampelekea Magokoro chai na kumfunga mguu wenye kidonda, anaingia chai na kikapu mgongoni mpaka saa saba, anapeleka majani kituoni, anangoja lori lije kupima. Lori likija mapema, anapata nusu saa kabla watoto hawajarudi. Lori likichelewa, hapati kitu. Nimewahi kumwona akirudi kituoni anakimbia, kikapu kitupu kinamrukaruka mgongoni, watu wanadhani ameacha chungu motoni. Na ikiwa si msimu wa mahindi, alikuwa anamwaga debe moja la maharage pembeni, ili mtu akitokea ghafla amkute anageuza maharage kwa miguu kama kila mwanamke anavyofanya.

Nikaanza kwenda Gesima mara mbili kwa wiki. Nilisema naenda kumsaidia Magokoro. Uongo. Nilikuwa nakaa juu ya kigogo nikimtazama Damaris. Sijui niseme vipi. Mimi ni mtu wa mizani, kilo moja ni kilo moja. Lakini yule mwanamke mfupi, mwenye visigino vilivyopasuka na vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, alipokuwa akiinua mkono kutoka kiunoni, polepole, nilikuwa naacha kufikiria duka. Mara moja nililia na sikuwa na sababu. Nikamwambia ni moshi, naye hakuniuliza moshi gani. Kwa muda wa miaka mitatu, katika boma lote, mimi ndiye niliyekuwa najua. Alinipenda kwa ajili hiyo, na mimi nilimpenda, hilo nalisema wazi.

Kisha Obwocha akafa.

Obwocha ndiye kijana wa katikati, baada ya Manasseh na kabla ya Ombui. Alifanya kazi ya kupakia magari ya mizigo huko Nakuru miaka ishirini na miwili. Alikuwa anakuja Desemba, anakula, anaazima koti, anarudi. Hakuoa, hakujenga. Sehemu yake ya shamba alishamuuzia jirani zamani, chai na yote. Kifua kilimsumbua, akalazwa siku nne, akafa mwezi wa sita. Wenzake wa kazi walitupigia simu, wakasema mwili uko mochari na wao wanaweza kuchangia gari na simiti ya kaburi.

Hapo sasa ikawa shida. Kwetu mwanamume mzima hazikwi kama hana nyumba. Lazima nyumba isimame kwanza, hata ya matope, hata ya siku mbili, ndipo mwili uingie na kutoka kama wa mtu aliyekuwa na mji wake, na kaburi lichimbwe kando ya nyumba hiyo. Nyumba itajengwa wapi, na shamba aliliuza? Tulikutana Jumapili mchana kwa Magokoro. Mzee Thadeus, ndugu ya marehemu baba mkwe wetu, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Ni mzee mpole, mwembamba, hutembea na fimbo ya kupimia. Mtu mmoja alisema azikwe tu karibu na mlango wa mama yake.

"Hapana," Thadeus akasema. "Huyo alikuwa na ndevu. Hawezi kulazwa mlangoni kwa mama yake kama mtoto wa kunyonya. Tutembee tuangalie."

Tukatoka tukatembea, wanaume mbele, sisi nyuma. Ukiondoa chai, ambayo hakuna mtu angeing'oa, mahali palipo sawa palikuwa pawili tu. Pa kwanza ni kiwanja cha Damaris. Pa pili ni petu, mimi na Ombui.

Petu ni hivi. Huko chini, karibu na migomba, tulikuwa tumesawazisha mahali pa kujenga. Miaka kumi na moja nilikuwa nimekusanya mawe hapo, safari baada ya safari, na msingi ulikuwa umeshachimbwa. Nyumba ya mawe ya vyumba vinne, jikoni ndani, dirisha langu likitazama mto. Mume wangu ni mtu wa maneno mengi na kazi kidogo, kwa hivyo mawe yale yalikuwa yangu. Na ukishazika mtu mahali, hapo si pa kujenga tena.

Thadeus alisimama kwanza kwenye mawe yangu. Akapima kwa fimbo, akaangalia Ombui, Ombui akaangalia viatu vyake. Kisha wakapanda mpaka kwa Manasseh, wakasimama kwenye kiwanja. Kilikuwa kimefagiliwa na hakikuwa na kitu, kwa sababu ilikuwa mwezi wa sita, mahindi bado yako mashambani mabichi. Hata maharage hakuwa ameyamwaga siku hiyo.

"Mama Ian," Thadeus akauliza, na aliuliza kwa heshima, "hapa mnafanyia nini?"

Damaris alikuwa amesimama karibu na ukuta, mikono ndani ya leso. Akafungua mdomo. "Hapa mzee ni pa..." Manasseh alikuwa anamtazama, Magokoro ameegemea mkongojo anamtazama. Naye akageuza macho akaniangalia mimi.

Nilijua anataka nini. Hakutaka niseme habari ya ngoma, hakuwa mjinga. Alitaka mtu mwenye mdomo aseme kitu chochote. Kwamba mvua ikinyesha maji hupita pale. Kwamba magogo yameoza chini. Kwamba ni karibu mno na jikoni. Mimi ambaye nikikosa la kusema sokoni nabuni, ningebuni mambo kumi kabla hajapepesa macho. Na nilijua vilevile kwamba pasipokuwa pale, ni kwangu.

Nikasema, "Ni pa kuanikia mahindi tu, mzee. Na mahindi hata kando ya barabara yanakauka."

"Ni kweli," Manasseh akasema. "Tutatumia turubai."

Thadeus akachomeka fimbo yake ardhini, katikati. Damaris alitoa mikono kwenye leso, akasema ngoja akaangalie maziwa yasimwagike, akaingia jikoni. Hakukuwa na maziwa motoni. Mimi nilibaki nimesimama na watu, nikisaidia kuhesabu miti itakayohitajika.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiusikia msemo huu nafikiria watu wengine.

Ujenzi ulianza Jumatatu. Vijana walichimba mashimo ya nguzo kwenye kile kiwanja, na kila shimo sururu ilipopiga ile sakafu ngumu ilitoa mlio. Jumanne ikawa zamu yetu wanawake, kukanyaga udongo wa kukandika kuta. Unachimbwa pale pale, unamwagiwa maji na majani makavu, mnaingia kwa miguu mnakanyaga mpaka ulainike. Tulikuwa wanawake kumi hivi. Damaris alikuwa upande wangu. Tangu Jumapili alikuwa amenisalimia tu "bwakire", kama unavyomsalimia mtu wa njiani, na mimi nilijibu hivyo hivyo.

Wanawake wa kanisa lao walianzisha wimbo wa taratibu. Tukakanyaga. Damaris naye alikanyaga kama sisi, lakini baada ya muda nikaona matope ya upande wake yanakwenda tofauti. Alikuwa amefunga macho. Goti lilipanda juu kuliko inavyohitajika, likakaa, likashuka. Halafu mabega yakaanza. Nilijua kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu niliijua ile hatua ya kwanza. Ulikuwa mlima.

Aliucheza wote. Mbele ya Magokoro, mbele ya Manasseh aliyekuwa juu ya paa na misumari mdomoni, mbele ya wazee wa kanisa waliokuja kupanga ibada. Matope yalimfika magotini na kila alipoinua mguu yalimvuta, naye akayatumia, ule uzito ukawa ndani ya ngoma. Mawe yalitoka. Udongo ukateleza. Wanawake waliacha kukanyaga wakasogea pembeni, wimbo ukafifia, akabaki peke yake katikati ya shimo, mikono juu, mti. Alisimama muda mrefu sana. Nilitamani asianguke. Mimi ambaye nilikuwa nimempokonya mahali hapo, nilisimama nikiomba Bikira Maria asianguke.

Akaanguka. Alianguka kama anavyoanguka siku zote, kutoka vidoleni, akaenda chini na uso ndani ya matope.

Hapo ndipo watu walipolia. Kilio kilitoka boma zima. Wanawake walimkimbilia, wakamwinua, wakamwosha uso kwa maji ya ndoo, wakampepea. Mmoja akasema, "Amemlilia shemeji yake kuliko dada wa kuzaliwa." Manasseh alishuka paani macho yamejaa machozi. Na Magokoro, ambaye kwa miaka kumi na saba hakuwahi kumwambia neno zuri, alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, sikujua ulimpenda Obwocha hivyo."

Damaris alikuwa amemwona Obwocha labda mara kumi maishani. Alimtazama mama mkwe wake, matope yanamtiririka, akasema, "Asante, Mama." Hicho ndicho alichopata. Siku moja tu aliyocheza mbele ya watu tangu aolewe, na wote wakadhani analia. Nilitaka kuwapigia kelele wote waliokuwepo. Badala yake niliingia shimoni nikaendelea kukanyaga, kwa sababu kuta zilikuwa zinangoja.

Tulimzika Obwocha Alhamisi. Mwili uliingia katika nyumba yake, ukakaa saa moja, ukatoka. Kaburi lilichimbwa upande wa kulia, nyumba ikachukua sehemu moja ya kiwanja na kaburi sehemu nyingine, na palipobaki ni njia ya kupita mtu mmoja. Wenzake wa Nakuru walikuwa watu wa ahadi. Walileta simiti kweli, wakalisakafia kaburi likawa laini na la kung'aa, lililo sawa kabisa. Nyumba ilitiwa kufuli. Ndani kuna godoro lake, begi lake na koti la kuazima. Magokoro ndiye mwenye ufunguo, anaufunga kwenye kona ya leso yake, na hakuna anayeingia. Mtu aliyekufa ana nyumba na uwanja hapo Gesima. Nikilifikiria hilo sana hasira hunipanda, halafu nakumbuka ni nani aliyempa.

Na Damaris? Watu huuliza kama aliugua. Hapana. Anachuma chai kama kawaida. Ila sasa lori likija mapema harudi mbio. Anakaa pale kituoni na wanawake wengine wakisimulia habari za watu, mpaka saa ya watoto. Mara ya kwanza nilipomwona amekaa hivyo nilifurahi, nikasema basi amezoea. Siku nyingine nikamwona akishika kiuno akiinuka kutoka jiweni, akiinuka kwa vipande vipande kama mwanamke wa miaka sitini, nikajua nilifurahi haraka.

Siku moja nilijaribu. Nilimwambia aje Masimba Jumapili alasiri, stoo yangu nitaihamisha magunia, atapata nafasi, nitafunga mlango. Alinijibu vizuri tu. Alisema Jumapili ni siku ya kuchuma, kwa sababu Jumamosi ni Sabato na chai haingoji. Hilo nilikuwa nalijua. Nilimpa kitu ambacho nilijua hawezi kukichukua, ili niseme nilimpa.

Nyumba yangu ya mawe? Haijajengwa. Ombui aliuza mawe ya upande mmoja, na upande uliobaki kumeota nyasi mpaka kiunoni. Msingi umejaa maji, vyura wanalia humo.

Mwezi wa tisa, mahindi yalipovunwa, ile turubai ya Manasseh ilikuwa imetoboka. Mvua ya kwetu haina adabu, inanyesha kila alasiri, na mahindi yakianza kuota ukungu ni njaa. Magokoro ndiye aliyesema: kwani hapo juu ya simiti kuna nini? Obwocha hatakataa, ni mahindi ya kwao. Huku kwetu wengi huanika juu ya makaburi ya simiti, si jambo la ajabu. Yanakauka haraka sana.

Nilifika Jumapili hiyo nikitoka misa, nimebeba kilo mbili za sukari na maneno niliyoyapanga njia nzima. Niliazimia kumwomba msamaha, kwa jina lake, bila kuzunguka. Nilimkuta peku juu ya kaburi la shemeji yetu, leso imefungwa kiunoni, anageuza mahindi kwa miguu. Unaburuza mguu kati ya punje, zinatoa mfereji, unarudi unatoa mfereji mwingine. Hatua nne kwenda, anageuka, hatua nne kurudi. Magokoro alikuwa kivulini, ukutani kwa ile nyumba iliyofungwa, ameridhika.

"Umeona, Mama Kemunto?" Magokoro akaniambia. "Mahindi yamepata mahali pao."

Nilitazama miguu ya Damaris. Nakiri nilikuwa nangoja. Nilingoja kisigino kiinuke kidogo tu, bega lilegee, kitu chochote, ili nirudi Masimba na moyo mwepesi. Miguu ilikwenda na kurudi, bapa, inageuza mahindi.

Nikasogea karibu, Magokoro asisikie. "Damaris," nikasema, "siku ile, mimi nilisema..."

"Ulisema ni pa kuanikia mahindi," akanijibu. Hakuwa na hasira, na hakuacha kutembea. "Vua viatu basi, upande huo. Hayo ya pembeni bado mabichi."

Nikaweka sukari chini, nikavua viatu, nikapanda.